Haro Kubwa kwa Shamba la Kulungu

Jumamosi moja ya mwanzo wa Septemba, Lavonne Pruitt alikuwa ameketi ndani ya pikapu ya mumewe, mlango wazi, miguu inaning'inia nje, akimenya karanga za kuchemsha na kuyatupa maganda chini kana kwamba yamemkosea. Jua la Alabama lilikuwa limeing'ang'ania ile yadi ya vifaa vya trekta, na hapakuwa na kivuli cha maana. Mbele yake, kati ya safu za majembe ya trekta na haro, zile za sahani za chuma za kukatia udongo, zilizopakwa rangi nyekundu na kijani, mumewe Royce na kaka yake yeye mwenyewe, Thurman, walikuwa wamesimama wakibishana. Jumamosi iliyopita walibishana pale pale. Na ile iliyotangulia vilevile.

Jambo lenyewe halikuwa kubwa. Baba yao Lavonne na Thurman, mzee Burl Hatcher, alikuwa na uwazi mdogo juu ya kilima nyuma ya nyumba yake, katikati ya mialoni. Kila mwaka pale hupandwa ngano na klova, yale majani laini ya malisho, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya kulungu, ili wazoee kuja kula, na Novemba msimu wa kuwinda ukifunguliwa mzee apande kwenye dungu lake, aweke bunduki magotini, angoje. Mwaka uliopita hakikupandwa kitu. Royce na Thurman walikuwa wamenunua trekta ndogo kwa ubia, na Thurman akaiuza haro kuukuu ya mzee kwa watu wa chuma chakavu, kwa sababu, alisema, watanunua kifaa cha kisasa. Kisha wakaanza kuchagua. Walichagua mpaka baridi ikaingia. Mzee akakaa dunguni msimu mzima akitazama magugu, na hakuona hata mkia.

Tangu hapo magoti yake yalizidi kuharibika, na moyo nao ukaanza kumsumbua. Daktari alimwambia Lavonne kando, kwenye varanda ya hospitali, kwamba kama kuna kitu mzee anakipenda, wasikiahirishe. Lavonne alirudi nyumbani akamwahidi baba yake shamba. Sasa ameketi hapa, vidole vimejaa chumvi ya karanga, anawasikiliza.

"Shemeji, hebu nisikilize," Thurman alikuwa akisema. "Udongo wetu ni mfinyanzi mwekundu. Tila, hii ya meno yanayozunguka, itausaga uwe unga. Unapita mara moja, umemaliza, unakwenda kunywa chai."

"Na mawe je?" Royce akamjibu. "Meno yakigonga mwamba mmoja tu, tutayaokota kanisani. Haro, Thurman. Sahani za haro zikikuta jiwe zinalipanda, zinashuka, zinaendelea na safari yao."

"Zinakwaruza tu hizo. Kama kuku."

"Kuku hajawahi kuvunja shafti."

"Wala hajawahi kulima!"

Mwenye yadi, Coy Dabney, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya majani, alikuwa ameacha kuwajibu zamani. Alikuwa amekalia tairi, anajipepea.

Lavonne akatupa ganda la mwisho, akashuka. Wanaume wote watatu wakamwona anavyokuja, na wote watatu wakanyamaza.

"Sahani au meno?" akauliza.

"Dada, si suala la kusema tu—"

"Thurman, sahani au meno? Majirani wote wameshapanda. Ngano ya Mama Ledbetter imeshachomoza, nimeiona kwa macho yangu. Kulungu wa wilaya hii wanajua njia ya kwenda kwake kuliko ya kuja kwetu, na nyinyi hapa mnanisomea tabia za kuku!"

"Mimi nasema sahani," Royce akasema kwa sauti ya chini.

"Basi sahani. Bwana Dabney, tupakilie ile pale."

Aliyoinyooshea kidole ilikuwa haro kubwa kuliko zote katika safu ile, sahani zake zinang'aa, fremu nene kama nguzo ya daraja. Coy akasimama, akavua kofia.

"Mama, kwa heshima zote. Trekta yenu ninaifahamu, ni ndogo. Hii ikining'inia nyuma itaiinua pua. Chukueni ile ndogo ya pembeni, ile—"

"Ile ndogo nitapita nayo shambani mpaka Krismasi. Nimechoka kungoja. Ipakie."

Coy akamtazama Royce. Royce akatazama mawingu. Thurman akajikuna shingo. Haro ikapakiwa, na njia nzima Lavonne akafurahi kwamba angalau kuna kitu kimeamuliwa.

Mzee Burl alikuwa barazani kwenye kiti chake cha kubembea, shavu limejaa tumbaku. Alipoiona ile haro inateremshwa alitema mate pembeni.

"Hiyo ya shamba la pamba la nani?"

"La kwako, Baba," akasema Lavonne.

"Langu mbona dogo? Au mnataka kulima mpaka Tennessee?"

"Baba, usianze."

Tatizo la kwanza lilikuwa geti. Haro ilikuwa pana kuliko nafasi iliyobaki geti la malisho likifunguliwa, ikabidi Royce na Thurman waling'oe geti lenyewe bawabani, na bawaba moja, kwa kutu, ikakatika. La pili lilikuwa mlima. Njia ya kwenda uwazini ilipanda wima baina ya miti, na Royce, akiwa juu ya trekta, haro inaning'inia nyuma yake kwenye mikono miwili ya chuma, alianza kupanda polepole. Lavonne alikuwa anatembea pembeni. Aliona matairi ya mbele yanakuwa mepesi, yanagusa ardhi na kuiacha, yanaigusa na kuiacha. Halafu yakaiacha kabisa.

Trekta ikasimama kwa miguu yake ya nyuma kama farasi mkorofi. Royce alilalia nyuma, kofia ikamwanguka, uso wake ukawa mweupe kama unga. Lavonne alijisikia anapiga kelele lakini hakujua anasema nini. Mkono wa Royce ukaipata ile fimbo ya kushushia, haro ikaanguka chini kwa kishindo, na pua ya trekta ikarudi ardhini, ikadunda, injini ikazimika.

Ndege mmoja akalia juu ya mwaloni.

"Shuka," Lavonne akasema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi: "Shuka hapo, Royce! Shuka!"

Royce alishuka, akakaa kwenye majani. Lavonne akamshika mabega, akamkagua kichwa kama anayemtafuta chawa. Alipohakikisha kwamba mumewe ni mzima, hasira ikampanda.

"Ungekufa! Ungekufa kwa ajili ya majani ya kulungu!"

"Nilijua itainuka," Royce akasema.

"Ulijua?"

"Coy alisema."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza, ukapanda juu yake?"

"Mke wangu, ulivyokuwa umeshuka kwenye gari pale, hata Coy alinyamaza."

Thurman, ambaye alikuwa amefika anahema, akafungua kinywa. Lavonne akamnyooshea kidole kabla hajasema. "Ukitaja tila, Thurman, nitakulaza chini ya hii haro." Thurman akaenda kuokota kofia ya Royce.

Lavonne aliketi karibu na mumewe. Alikuwa amekasirika na Royce, na Thurman, na baba yake aliyekuwa kule barazani anacheka (sauti ya kicheko ilikuwa inafika mpaka pale), lakini alijua fika nani aliyeinyooshea kidole ile haro. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Jumatatu, baada ya kumaliza zamu yake jikoni katika shule ya wilaya, aliirudisha mwenyewe. Hakutaka mtu aende naye. Coy Dabney alimpokea, akaishusha haro kubwa, akampakilia ile ndogo ya pembeni, bila kusema neno hata moja la kumsuta. Lavonne alitamani aseme. Angalau angepata wa kugombana naye.

"Itakuwa nyepesi kwa udongo wenu," Coy akasema tu. "Wekeni uzito juu."

Thurman ndiye aliyeleta matofali ya saruji na kuyafunga juu ya fremu kwa mnyororo, na safari hii, ni haki kusema, alifunga vizuri. Jumamosi iliyofuata Royce alipanda kilima pua ya trekta ikiwa chini, akapita na kupita, na ile haro ndogo ikala udongo. Magugu yalikatwa, mfinyanzi ukageuka mwekundu mbichi, na harufu ya ardhi iliyofunguliwa ikawapanda puani. Lavonne alisimama ukingoni na chupa ya chai baridi ya sukari, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alijisikia mwenye furaha. Ilidumu mpaka chai ilipokwisha.

"Sasa kwenye mbegu," Thurman akaanza, "yuko rafiki yangu ana mashine ya kupandia. Inafungua mfereji, inadondosha mbegu, inafukia. Mstari umenyooka kama uzi. Nikimpigia leo, labda Alhamisi—"

"Alhamisi!" Royce akamkatiza. "Ya nini? Tunafunga pipa la kusambazia nyuma ya trekta, linarusha mbegu huku na huku."

"Linarusha mpaka msituni. Utawapandia kindi."

"Afadhali kindi leo kuliko kulungu Alhamisi."

Lavonne alitazama juu. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yanakusanyika, meusi chini, na redio ilikuwa imetangaza mvua ya jioni. Alikwenda kwenye pikapu, akatoa mfuko wa turubai wenye mpini wa kuzungusha, ule ambao marehemu mama yake alikuwa akiutumia kusia majani ya malisho, akautundika shingoni, akaujaza ngano, akaanza kutembea huku anazungusha. Ngano ikaruka mbele yake kwa mviringo. Nyuma yake aliwasikia bado wanabishana, kisha sauti zikapungua, na mwishowe Royce akaja na ndoo kumjazia mfuko. Baada ya ngano wakarushia klova, mbegu ndogo kama vumbi.

Hapo ndipo Thurman aliposema, na alikuwa na haki, kwamba klova haitaki kufukiwa sana, inataka kukandamizwa tu, na kwamba bila rola mvua itaisomba yote mpaka mtoni. Rola ipo. Iko bandani kwa baba. Pipa la chuma, unalijaza maji.

Wakateremka wote na trekta mpaka uani kwa mzee kuifuata rola. Ilikuwepo kweli, na ilikuwa na tundu. Walipoijaza, maji yakatoka upande mmoja kama ng'ombe anayekojoa.

"Tuichomelee," akasema Royce.

"Ina kutu, itayeyuka. Tuizibe na lami."

"Lami haitakauka leo!"

"Na kuchomelea utachomelea na nini? Kiberiti?"

Lavonne aliingia bandani kutafuta kizibo, kipande cha mti, kitambaa, chochote. Alipinduapindua makopo na kamba, huku nje sauti zao zikipanda. Alikuwa amepata kipande cha mpira wa tairi aliposikia injini ya trekta inawaka. Akashukuru. Angalau mmoja wao ameacha maneno.

Alipotoka, Royce na Thurman walikuwa bado wameinama juu ya tundu, wameacha kubishana, wanatazamana.

"Nani anaendesha?" akauliza Lavonne.

Wote wakageuza macho barazani. Kiti cha kubembea kilikuwa kinabembea peke yake.

Mzee Burl, ambaye alikuwa amekatazwa na daktari kuendesha hata gari, ambaye asubuhi alikuwa ameshikwa mkono ili atoke kitandani, alikuwa ameshalipita geti lililong'oka anapanda kilima. Nyuma yake trekta ilikuwa inakokota kipande cha wavu wa seng'enge uliokuwa nyuma ya banda la kuku, na juu ya wavu lilifungwa gogo la mwerezi la kuukandamizia chini. Alifungaje, alipandaje kwenye kile kiti, mpaka leo hakuna ajuaye, na yeye mwenyewe akiulizwa hubadilisha mazungumzo.

Walikimbia. Lavonne alikimbia kuliko alivyokimbia tangu ujana wake, mkono mmoja kifuani, na kila aliponyanyua macho mlimani aliiona ile pua ya trekta ikinyanyuka hewani, ingawa haikuwa inanyanyuka. Walipofika juu, mzee alikuwa katikati ya shamba, kofia imerudishwa nyuma, anaendesha kwa kuyumba, anakata kona pale alipopenda, na wavu nyuma yake unalaza udongo vizuri kabisa.

"Baba! Simama!" Thurman akapiga kelele.

"Nisimame nifanye nini? Sijamaliza!"

"Baba, moyo wako!"

"Moyo umekaa tu, kama mimi! Tokeni njiani!"

Wakatoka njiani. Hawakuwa na la kufanya. Huwezi kumrukia mzee juu ya trekta inayotembea. Lavonne alisimama amejishika kichwa, akisema maneno ambayo hayasemwi Jumapili. Matone ya kwanza yalidondoka makubwa, yakatoboa vumbi. Mzee akapita mara ya mwisho ukingoni, akazima injini, akaweka mikono mapajani.

"Haya," akasema. "Nimemaliza."

"Basi shuka, twende, mvua!"

Mzee akatazama chini, akatazama magoti yake. "Kushuka," akasema, "sikukufikiria."

Royce alimpakata akamshusha, akambeba mgongoni kama mtoto, akateremka naye kilima huku mvua inawapiga, Thurman anawashika wasiteleze. Lavonne alifuata nyuma akigomba njia nzima. Aligomba juu ya daktari, juu ya mlima, juu ya wavu wa kuku, kwamba kuku sasa watalala wapi, kwamba yeye si mtu wa chuma, kwamba siku moja atawaacha wote na kuhamia kwa binti yake huko Georgia.

"Royce," mzee akamwambia mkwewe sikioni, kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "mke wako ana pumzi."

"Ndiyo, mzee."

Alipowekwa kitini alikuwa amelowa chapachapa, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Lavonne hakuiona tangu kumzika mama yake. Lavonne akaenda kutafuta taulo.

Ngano iliota. Iliota kwa mikunjo na mizunguko, hapa nzito kama zulia, pale kipara, kwa kufuata jinsi mzee alivyokuwa anakata kona. Thurman alisimama ukingoni akatikisa kichwa, akasema kwa mashine ya rafiki yake mistari ingekuwa imenyooka. Royce akamwambia atafute kulungu anayelalamikia mistari. Klova ilifuata chini ya ngano, kijani kibichi, na kabla ya Oktoba kuisha kulikuwa na nyayo zilizochongoka kila mahali.

Royce alijenga ngazi mpya ya dungu, pana, yenye mkono wa kushikilia, na siku ya kufunguliwa msimu Lavonne alimpandisha baba yake hatua kwa hatua kukiwa bado kunapambazuka. Wakakaa bega kwa bega wamejifunika blanketi moja, bunduki magotini kwa mzee. Ukungu ulipopanda walikuja majike wawili na mtoto. Walikula kwa utulivu, masikio yanacheza.

"Hawa waache," mzee akanong'ona. "Yuko bwana wao nyuma."

Wakangoja. Jua likaanza kupasha joto ubao. Na bwana wao akaja kweli, akatokeza mialoni kwa hatua za polepole, shingo nene, pembe zimepanda na kutawanyika, akasimama katikati ya mzunguko mzito kuliko yote, akainamisha kichwa kwenye klova. Lavonne hakupumua. Akangoja bega la baba yake liinuke. Halikuinuka. Akageuka taratibu.

Mzee alikuwa amelala. Kidevu kifuani, mdomo wazi kidogo.

Akamgusa kwa kiwiko. Hakuamka. Akamgusa tena kwa nguvu kidogo.

"NANI?" mzee akapaza sauti.

Kulungu aliruka mara moja tu, na shamba likawa tupu. Majike nao wakaondoka, mikia myeupe juu.

"Baba!"

"Kwa nini umetikisika?"

"Mimi? Umelala! Umelala, Baba! Nimepigana na wanaume wawili kutwa kucha, nimekaribia kumuua mume wangu, umelala!"

"Nilifumba macho tu."

"Ulikuwa unakoroma!"

"Basi nilifumba macho nikakoroma." Mzee akavuta blanketi. Alitazama pale uwanjani ambapo klova ilikuwa bado inatikisika. Akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Mkubwa?"

Lavonne alikuwa amekunja mikono. "Mkubwa," akasema mwishowe.

"Niambie."

Akamwambia. Alimwambia jinsi alivyotoka, jinsi alivyoinua mguu na kuushusha, pembe zilivyokuwa za rangi ya asali zikiwa nyeusi kwenye shina, ncha moja imevunjika, pua ilivyolowa, na jinsi alivyochagua pale penye klova nyingi akapuuza kwingine kote. Mzee alisikiliza amefumba macho, na safari hii Lavonne aliona kwamba hajalala, kwa sababu kila alipotulia mzee alisema, "Enhe."

Msimu ule mzee Burl hakuua kulungu hata mmoja. Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya dunguni, kabla Lavonne hajamaliza kuvaa viatu, alisikia honi nje. Akachungulia. Baba yake alikuwa ameketi kwenye pikapu ya Royce, kiti cha abiria, bunduki ndani ya mfuko wake, kofia kichwani, ameinamia upande wa dereva, kiganja chote kwenye honi ya usukani.

"Baba, utaamsha mtaa mzima!" akamfokea dirishani. "Na nani kakuleta huku?"

"Thurman. Amenishusha akaenda zake, anasema wewe una maneno mengi asubuhi." Akapiga honi tena. "Chukua kahawa njoo. Jua litatutangulia."